Mwaka Nilioitwa Zena

Rehema alinipigia simu asubuhi, nikiwa uani napepeta mchele. Hakusalimia. Alisema tu, "Mama, bibi ametutoka," kisha nikasikia upepo na sauti za wanawake nyuma yake, nikajua anaongea akiwa amesimama nje ya ile nyumba, pale ambapo mlima unateremka ghafla na mgeni huogopa kusogea ukingoni. Nilikaa na ungo mapajani. Mume wangu alitoka ndani akauliza nani amepiga, nikamjibu, "Kinole." Alirudi ndani kunitafutia mwavuli, maana mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya Uluguru, na sote wawili tulijua huko juu mvua ilikuwa inanyesha tayari.

Siku hizi unapanda Kinole kwa bodaboda, umekumbatia mgongo wa kijana usiyemjua, na migomba inakupita pande zote mbili kabla hujapata muda wa kuikumbuka. Nilifika maiti ikiwa imeshaoshwa. Wanawake walikuwa wamekaa chumbani juu ya mikeka, wamejitanda kanga, na harufu ya ubani ilikuwa imechanganyika na ya mdalasini ulioanikwa uani, ambao hakuna aliyekumbuka kuuanua. Nilipoinama mlangoni kuvua viatu na kutoa pole, bibi mmoja mzee sana, ambaye macho yake yameingia ukungu, aliinua uso akaisikiliza sauti yangu. Kisha akasema kwa utulivu kabisa, kama anayesema na mtu aliyetoka kuteka maji, "Zena, umechelewa. Mama yako kakungoja." Rehema alinishika bega akasema, "Bibi, huyu si Zena. Huyu ni Mama Festo wa mjini." Lakini bibi yule alikuwa amekwisha kurudi kwenye tasbihi yake. Nilikaa. Zena alikufa kabla mimi sijakanyaga Kinole. Sikuwahi kumwona, hata kwenye picha. Na bado upo mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nikiukumbuka siwezi kusema kwa hakika ni yupi kati yetu aliyeuishi.

Ulikuwa wakati ambao maduka ya mjini Morogoro yalikuwa yamejaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulijikuta tunapita mbele ya rafu zenye sabuni za kila rangi, maziwa ya kopo na biskuti za nje, na watu walisema sasa kila kitu ni ruksa. Viwanda ndivyo vilivyokuwa vinafunga milango. Damiani, mume wangu, alipunguzwa kazini pamoja na zamu yake nzima. Akadandia lori la kwenda Kisaki kutafuta kibarua, akaniacha na mtoto wetu wa kwanza, Festo, ambaye alikuwa hajaweza hata kukaa mwenyewe. Masika yalipoanza Festo akashikwa na homa ya mapafu. Hospitalini nako mambo yalikuwa mapya. Zamani uliingia na mtoto wako mkono mtupu ukatibiwa. Sasa ulielekezwa dukani kwanza, ukanunue sindano na glavu ndipo urudi. Nilienda, nikanunua nilichoweza, nikarudi. Festo alifariki mchana, jua linawaka baada ya mvua, na nje ya dirisha la wodi wanaume wawili walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Nakumbuka nilitaka wanyamaze, halafu walipoondoka nikatamani warudi waendelee, kwa sababu ukimya waliouacha ulikuwa mbaya zaidi. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walinisaidia kumzika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nyuma ya wodi ya watoto kulikuwa na jengo refu la bati walilolipaka chokaa, lililoitwa Nyumba ya Lishe. Huko serikali iliwaweka akina mama wenye watoto waliodhoofu, wakakaa wiki kadhaa wakipika pamoja, wakifundishwa kuchanganya unga na karanga, wakipimiwa watoto wao kwenye mizani iliyoning'inia darini kama ile ya buchani. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya makundi ya vyakula: samaki, yai, papai, glasi ya maziwa. Picha ilikuwa imekula moshi wa jiko mpaka yai na papai vikawa rangi moja. Mimi nililala huko siku za mwisho za Festo kwa sababu wodini hapakuwa na nafasi, na baada ya mazishi nilirudi kuchukua sufuria yangu na kanga. Maziwa yalikuwa yamejaa kifuani mpaka nashindwa kushusha mikono. Mwili haukuwa umepata habari. Kila mtoto alipolia upande wowote wa jengo lile, blauzi yangu ililowa.

Nilikuwa nimeinama jikoni natafuta sufuria yangu nilipomsikia Nesi Leokadia nje ya dirisha. Alikuwa ndiye msimamizi wa nyumba ile, mwanamke mnene wa kutoka Songea, mwenye mwendo wa haraka, ambaye akina mama walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alikuwa anaongea na bwana wa ofisi ya ustawi wa jamii, yule aliyeleta maziwa ya kopo kwa ajili ya watoto waliofiwa na mama zao.

"Stoo hakuna kitu, sista," yule bwana alisema. "Hata mwezi ujao sioni dalili. Tumeambiwa tuwaelekeze wakanunue. Maduka yanayo."

"Maduka yanayo, najua. Nimeyaona," Nesi alijibu. "Huyu bibi wa Kinole ananunua kwa kitu gani? Kwa mananasi? Kopo la mwisho tumelifungua leo asubuhi."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Hujakosea wewe. Nakuuliza tu, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza."

Kisha nyayo zake zikaja jikoni. Alinikuta nimesimama na sufuria mkononi. Aliniangalia uso, akaniangalia blauzi iliyolowa. Siku hizi hakuna nesi ambaye angethubutu kufanya alichokifanya. Wangepima damu kwanza, wangeandika, wangeogopa, na wangekuwa na haki. Yeye aliniambia, "Mwanangu, nina jambo la kukuomba, na ukikataa sitakulaumu hata kidogo." Akanishika mkono kama anavyoshikwa kipofu, akanipeleka kitanda cha mwisho.

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mgongo wima, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa ya kulima. Mapajani mwake alikuwepo mjukuu wake, Rehema, ambaye mama yake, Zena, alifariki siku aliyomzaa. Rehema hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu mzima aliyechoshwa na maneno ya watu. Nilimchukua kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Alizungusha kichwa mara moja, akashika, na alivyovuta nilihisi maumivu mpaka kwenye meno, nikalia kwa sauti, na akina mama wote wa mle ndani wakageukia ukutani kunipa faragha. Bi Mwanaidi peke yake hakugeuka. Alikuwa ananitazama kifua, na midomo yake inatembea kidogo kama anayesoma. Rehema alipoanza kukohoa kwa wingi wa maziwa, yule mama alinyoosha mkono akamwinua shingo, akaniambia kwa upole sana, "Mnyanyue kichwa, Zena." Nilidhani nimesikia vibaya.

Haikupita muda mrefu tukaambiwa Nyumba ya Lishe inasimama. Hawakusema inafungwa; walisema inasimama mpaka fungu lipatikane. Unga ulikuwa umeisha, karanga zimeisha, na Nesi Leokadia aliwaaga akina mama mmoja mmoja mlangoni kana kwamba wanatoka kwenye nyumba yake mwenyewe. Bi Mwanaidi alimtuma mtu kwa kaka yake, Mjomba Salumu, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake na wajukuu zake. Alishuka kutoka mlimani amevaa kanzu na koti kuukuu, akanisalimia kwa adabu, akakaa. "Nimemuuliza shehe," alisema. "Kasema hakuna ubaya wowote. Ila ujue, binti, ukishamnyonyesha huyu, wewe ni mama yake kweli, na watoto utakaowazaa ni ndugu zake. Hawataoana." Mimi nilikuwa Mkristo wa kutoka mashamba ya miwa, sina mtoto, mume yuko Kisaki na hajui hata kwamba mwanawe amezikwa. Chumba tulichopanga kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu mwingine. Nilimwambia, "Nimeelewa, shikamoo mjomba," maneno yakatoka kinyumenyume hivyo hivyo, naye akaitikia marahaba bila kucheka.

Lori lilitushusha kwenye njia panda, tukapanda kwa miguu. Nilikuwa sijawahi kuingia milimani. Njia ilipita katikati ya mananasi na mikarafuu, maji yakisikika kila upande bila kuonekana, na kila tulipokutana na watu, Bi Mwanaidi aliongea nao Kiluguru haraka haraka, wao wakiniangalia, wakimwangalia mtoto mgongoni mwangu, wakiniangalia tena. Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, imefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nilipewa chumba cha Zena. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kimebonyea kwa ubavu wa upande mmoja, ule wa ukutani, na usiku wa kwanza nilijaribu kulala upande mwingine lakini mwili uliteleza wenyewe mpaka kwenye lile bonde. Kanga zake zilining'inia kwenye kamba juu ya kitanda. Zangu zilikuwa zimechakaa na kunuka moshi wa hospitali, na asubuhi nilizikuta zimeloweshwa kwenye beseni, na moja ya Zena imekunjwa vizuri miguuni pangu. Niliivaa. Nilipotoka nayo kwenda mtoni, mwanamke mmoja aliyekuwa anateka maji alinyanyuka, akaniona, ndoo ikamponyoka ikabingirika mpaka kwenye mawe. Hakuifuata.

Mwanzoni nilimsahihisha. "Mama, mimi ni Skola," nilisema, naye alijibu, "Ndiyo, mwanangu," kisha baadaye, wakati wa chakula, "Zena, chukua hiki kipande." Chakula tulikila jikoni kwa sababu ya baridi: ndizi za kuchemsha, kisamvu, siku nyingine samaki mkavu mdogo. Alinipakulia mimi kwanza na kunijazia sahani, halafu yeye akajishughulisha na moto, na alipokaa hatimaye alikuwa na kikombe cha chai ya mdalasini tu. "Nimekula nikionja," alisema. Niliamini kwa wiki kadhaa. Mvua zilikuwa zimekata barabara, wachuuzi wa matunda hawakuja, na wale waliofika kwa miguu walitaja bei waitakayo wao, kwa sababu siku hizo hapakuwa tena na wa kuwapangia. Mananasi yaliozea shambani, nyumba nzima ikanuka utamu uliochacha. Mimi nilikula. Nilikula kwa sababu mtoto alitaka maziwa, na kwa sababu yule mama alinitazama kila tonge mpaka nimeze. Mikono yake mikubwa ilibaki ileile lakini juu ya viwiko ikawa myembamba, na alipoinama kuokota kuni niliona mifupa ya mgongo wake kupitia nguo.

Kuhusu kuitika, sikumbuki nilianza lini. Hilo ndilo linanitisha hadi leo, kwamba hakuna siku ninayoweza kuinyooshea kidole. Ilikuwa rahisi zaidi, basi. Akiita "Zena!" kutoka shambani, mtu mmoja tu ndiye angeweza kuitika, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilijua chumvi inakaa wapi. Nilijua lile jiwe la mtoni ambalo linateleza. Kuna siku nilikuwa nimelala na Rehema mchana, mvua inanyesha, nikamsikia Bi Mwanaidi upande wa pili wa ukuta akiongea na jirani aliyekuja kuomba moto. Walichanganya Kiluguru na Kiswahili. Jirani alimuuliza jambo kwa sauti ya chini, naye akajibu waziwazi, "Zena kapona. Alikuwa hospitali tu. Si unamwona karudi na mwanawe?" Jirani hakubisha. Alichukua moto wake akaenda. Nami pale kitandani, badala ya kushtuka, nilihisi kitu kama raha. Kumbe nimepona. Kumbe nilikuwa hospitali tu. Nilimfunika Rehema miguu nikafumba macho.

Mjomba Salumu alinikuta siku moja kwenye njia ya kwenda shambani. Aliangalia kama kuna mtu, akaniambia, "Binti, dada yangu hajalia. Tangu mazishi hajatoa chozi. Hitma ya mwanawe kakataa isisomwe, kila nikimwambia anasema ya nani? Sisi tunaogopa kumsukuma, na tunamhitaji yule mtoto aishi. Lakini wewe usipotee." Nilimuuliza nipotee wapi. Akaniuliza, "Una wazazi? Una mume? Watamke wakati mwingine. Hata peke yako, shambani huko, watamke." Nilicheka. Nilipofika shambani nikajaribu. Nilisema jina la Damiani, likatoka. Nikasema Festo, nikajaribu kuiona sura yake, na sura iliyokuja ilikuwa ya Rehema. Nilisimama kati ya mananasi nikatafuta pua yake, masikio yake, lile baka alilokuwa nalo pajani. Nilijua kwamba kulikuwa na baka. Sikuweza kusema ni paja lipi.

Maziwa yangu yalianza kupungua kipindi cha baridi, mlima unapofunikwa na ukungu mpaka saa sita mchana. Rehema alikuwa ananyonya, anaacha, anapiga kifua changu kwa ngumi yake ndogo. Alihitaji uji mzito, wa maziwa na karanga, kama ule wa Nyumba ya Lishe, na nyumbani kulikuwa na ndizi. Nywele zake zikaanza kuwa na wekundu ambao niliwahi kuuona kwa watoto wa vitanda vya jirani. Ndipo ikatangazwa msikitini kwamba ofisi ya ustawi imepata mpango mpya: familia maskini zinazolea watoto waliofiwa na mama zitapewa unga wa lishe, maharage na mafuta, kila mwezi, na bwana wa ustawi atapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha.

Alikuja kijana ambaye sikuwa nimemwona kabla, mwembamba, viatu vyake vya mjini vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Alifuatana na Mjomba Salumu. Bi Mwanaidi alimkaribisha, akampa kigoda na kikombe cha chai, na mimi nikatokea mlangoni Rehema akiwa kifuani, ananyonya. Kijana aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake.

"Mama, mtoto mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na mama yake alifariki lini?"

Bi Mwanaidi alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo. "Mama yake huyu hapa," alisema. "Huoni ananyonya?"

Kijana alimgeukia Mjomba Salumu. Mjomba aliangalia chini. Nilijua kwa nini: kumkana dada yake mbele ya mgeni, juu ya jambo hilo, hakuweza. Alisema polepole, "Dada, mwambie bwana ukweli, tupate chakula cha mtoto." Naye akajibu, sauti ikipanda, "Ukweli upi? Huyu ni binti yangu Zena, na huyu ni mwanawe. Mimi sina msiba kwangu! Kama huo unga wenu ni wa wenye misiba, wapelekeeni wenye misiba!" Chai ilikuwa inamwagika kwenye kanga yake. Kijana hakuwa mbaya. Alionekana mwenye haya. Alisema, "Basi mama, nisamehe. Wenye mama zao hawamo kwenye mpango huu. Siyo mimi niliyepanga," akaanza kukusanya vitu vyake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwa miaka mingi nimejaribu kujiambia kwamba nilisema kwa ajili ya unga, kwa ajili ya nywele za Rehema, na ni kweli. Lakini haikuwa hiyo peke yake. Nilisikia "sina msiba kwangu," na moyo wangu ukakubali, ukasema ndiyo, hatuna msiba, na papo hapo nikamwona Festo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, wazi kabisa, amelala kwenye meza ya wodi na pamba puani. Kama mimi ni Zena, Festo alizaliwa na nani? Alikuwa kule mjini ardhini na hakuwa na mtu duniani wa kusema alikuwepo.

"Mimi siye," nilisema.

Kijana alisimama. Bi Mwanaidi hakugeuka.

"Mimi naitwa Skolastika. Ni Mama Festo. Mwanangu alifariki hospitali masika yaliyopita, nikapewa huyu nimnyonyeshe. Mama yake huyu alikufa siku ya kumzaa. Mimi sikumkuta."

"Festo amezikwa wapi?" kijana aliuliza, nadhani kwa sababu alikosa la kuuliza.

"Mjini," nilisema, na nililia kwa kutamka neno hilo kuliko nilivyolia makaburini.

Bi Mwanaidi aliweka kikombe chini taratibu, kama kimejaa, ingawa kilikuwa kimeshamwagika chote. Alinyanyuka, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaingia chumbani kwa Zena. Tulimsikia akivuta kanga kwenye kamba, moja moja. Kisha tukasikia sauti ambayo sitaieleza. Ilitoka mbali sana. Rehema aliacha kunyonya akasikiliza, jicho moja limenikazia. Mjomba Salumu alifunika uso kwa mikono yake miwili, akasema, "Alhamdulillahi," na nilielewa kwamba alikuwa ameingojea sauti ile tangu siku walipomzika mpwa wake.

Hitma ilisomwa wiki ileile. Waliweka mikeka uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, wakala mihogo na chai kwa sababu hapakuwa na mchele. Nilikaa nyuma kabisa, mtoto mapajani, nimevaa kanga zangu mwenyewe. Shehe aliomba kwa jina lake, Zena binti Mwanaidi, na kila alipolitaja nilihisi kitu kinang'oka mwilini mwangu, kwa uchungu, kama kitambaa kilichoganda kwenye kidonda. Wanawake waligeuka kuniangalia, halafu wakaangalia pembeni. Nadhani na wao walikuwa wanahakikisha nipo. Nimekwenda kwenye misiba mingi tangu hapo, nimezika wazazi, nimezika marafiki, na sijawahi tena kukaa kwenye dua nikiwa sina uhakika kama inasomwa kwa ajili yangu.

Unga ulikuja. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, unanukia soya, na ulikuja miezi michache tu kabla ya mpango kwisha kama ilivyokwisha mingine, lakini ile miezi michache ilitosha. Bi Mwanaidi alipika uji akamlisha Rehema yeye mwenyewe, na siku hizo alikula na yeye. Kwangu hakuwa na ukali. Aliniita Skola, kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni aliyekuja kusaidia, na alinipakulia sawa na wengine. Sikuwahi kudhani kwamba mtu anaweza kuonea wivu maiti, lakini niliona. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mjukuu wake habari za Zena, alivyopenda kuimba akichuma karafuu, alivyoogopa konokono, na nilitega sikio kama mtu aliyefukuzwa kwao anayesikia kwao kunazungumzwa.

Damiani alirudi kutoka Kisaki, wanawake wa jumuiya wakamweleza yote na mahali nilipo, akatuma ujumbe kwa dereva wa lori la mananasi kwamba amepata chumba, niteremke. Rehema alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Nilikaa siku kadhaa bila kumwambia mtu. Hatimaye nilimkuta Bi Mwanaidi shambani nikamwambia kwamba ningeweza kubaki kidogo, mpaka mtoto atembee vizuri. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, ndipo akasimama.

"Nenda kwa mumeo," alisema. "Ukikaa, nitaanza tena."

Asubuhi niliyoondoka kulikuwa na ukungu na Mjomba Salumu alikuwa ananisubiri njiani na mzigo wangu. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa jikoni, Rehema kati ya magoti yake, anamlisha ugali laini na maharage yaliyopondwa. Niliinama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mtoto, maneno mengi, nikiamini kwamba atalia, kwamba atainua mikono, kwamba itabidi tumdanganye kwa kitu ili niweze kupita. Niliita jina lake. Bibi yake akageuka, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kunipa ruhusa. Rehema alifumbua mdomo kupokea tonge. Niliita tena, kwa sauti ya chini, na maziwa, yale machache yaliyobaki, yakanitoka yakalowesha kanga. Hakuinua kichwa. Alikuwa anakula.